Barua ya Radhi Sitaisaini

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumai nyote hamjambo na mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechafuka, na sababu unaijua, maana mchungaji amekwisha kukupigia simu.

Sasa sikia na upande wangu. Siku ya mtihani wa ubatizo, wanafunzi wangu tisa walisimama mbele ya kanisa. Mchungaji alianza na yule mama mshona nguo, akamuuliza kama anaamini kwamba Mungu husikia kila sala. Badala ya kukariri jibu la kitabuni, mama wa watu akamuuliza mchungaji kama yeye hajawahi kuomba akaona kimya. Kanisa zima likacheka, isipokuwa mchungaji.

Wazee wakaniita. Wakasema nafundisha watu ukaidi, hivyo nisaini barua ya kuomba radhi au niache darasa. Nikawauliza, Bwana alipoulizwa na makuhani anatenda kwa mamlaka gani, si aliwarudishia swali la ubatizo wa Yohana, wakabaki wanakuna vichwa? Katibu akafoka kwamba yule alikuwa Bwana, mimi ni nani. Nikauliza, basi nimfuate nani? Kikao kikavunjika.

Nawe unanisihi nisaini yaishe, nifunike kombe mwanaharamu apite. Kaka, nimefunika vya kutosha. Kuna jambo sijakwambia. Wiki ya mwisho ya mama, ulipokuwa safarini, aliniuliza kama kweli kuna anayemngoja huko aendako. Niliogopa. Nikamjibu upesi, neno kwa neno kama kitabu kisemavyo, nikamvutia shuka. Akasema asante mwanangu, akageukia ukutani. Siku nne baadaye akafariki, hajaniuliza tena lolote. Jibu lilikuwa la kweli, na naliamini hadi leo. Lakini mama alitaka kuzungumza, nami nikamfunga mdomo. Laiti ningemuuliza anaogopa nini! Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Basi sisaini. Darasa wachukue. Jumamosi wote tisa wanakuja sebuleni kwangu, viti nimeshaazima kwa jirani.

Nawe kaka, tangu tumzike mama hujaniuliza hata mara moja alisema nini siku zile. Unaogopa nini?

Wasalimie wote nyumbani, wifi umwambie nampenda.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba