Uzito wa Kulwa na Doto

Ngokolo, Shinyanga
4 Machi 2024

Kwa pacha wangu Kulwa,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama ananichungulia hapa begani, na kwake aliyetangulia kutoka tumboni ni mkubwa hata kama alitangulia kwa muda wa kuchemsha chai. Hujambo? Kifua chako na vumbi la huko vinaelewana? Sisi wazima, ila magoti ya Mama.

Ni yeye aliyesema tuandikiane. Tukipigiana simu tunang'atana, na barua angalau haimkatizi mtu maneno.

Nianze na linaloniuma. Tangu kampuni yenu ya ndege imrushe Mama bure hadi Dar kutibiwa macho, Ngokolo nzima haina habari nyingine. Anaeleza mawingu utadhani aliyashona yeye. Mimi ni mkaguzi wa viwanja vidogo vya ndege, nimeajiriwa na serikali, kitambulisho kiko shingoni, na sijapanda ndege hata moja. Viwanjani nafika kwa basi. Na majirani bado wanamwita Mama Kulwa, kama vile siku ile alizaa mmoja. Nina wivu, dada. Nakuambia mimi kabla hujaambiwa na watu.

La pili ni la kazi. Nasikia hapo Kharumwa abiria hawapandi mizani. Ndege yenu ni ndogo, na sheria inataka kila abiria apimwe, yeye na mzigo wake, ili rubani ajue kama itanyanyuka. Nitakuja kuona.

Pacha wako,
Doto


Kharumwa
19 Machi 2024

Mdogo wangu Doto,

Marahaba. Mfungo unakwendaje huko? Mimi mzima, kifua kimetulia tangu mvua ilaze vumbi. Mpe Mama pole ya magoti.

Wivu wako nimeupokea, nimeuweka pamoja na ule wa gauni la Idi. Mizani ipo, tumeifunika turubai. Wachimbaji ndio hawaitaki. Kwenye maduara yao, yale mashimo ya machimbo, kinachopandishwa kwenye mizani ni dhahabu, na ikishapimwa imeuzwa. Mtu akipimwa, wanasema bahati yake imepata mnunuzi. Tajiri mmoja wa duara, Masalu, aliponiona naisogeza alichukua begi lake akaenda kupanda basi, na wenzake wakamfuata. Basi siku hizi namuuliza kila mtu kilo zake, ananitajia, naandika.

Usituone wahuni. Meneja wetu, Bwana Stanslaus, anabadilisha tairi kabla halijaisha, na rubani akisema mvua hii hapana, haturuki. Ninyi mnakuja mara moja kwa mwaka, mnatazama mtungi wa kuzimia moto, mnakunywa soda, mnaondoka. Kampuni inayojiheshimu haihitaji kiranja.

Halafu Mama ananiambia Kulwa hawezi kula Doto akatazama. Nikipanda ndege mimi, na wewe upande. Nimemwomba meneja tiketi yako ya kwenda kwenye harusi ya Mwasiti wa mjomba, Dar, baada ya Idi. Amekubali hapo hapo. Njoo urushwe.

Dada yako,
Kulwa


Ngokolo
24 Aprili 2024

Dada Kulwa,

Shikamoo. Nimerudi salama, harusi ilifana, na Mwasiti anakusalimu sana.

Ile tiketi sikupaswa kuipokea. Mkaguzi hapokei kitu kwa anayemkagua, na hilo nililisaini siku naajiriwa. Lakini Mama alikuwa ameshanunua vitenge viwili vya sare, chako na changu, akavitandaza kitandani akaniuliza hicho changu akipeleke wapi. Na mimi mwenyewe nilitaka. Nilitaka kukaa dirishani.

Sasa sikiliza. Uliponiuliza kilo zangu mbele ya wale wachimbaji, nilisema sitini na tano. Nilisema hivyo kwa sababu muda mfupi kabla ulikuwa umewatambia kwamba wewe una sitini na tano tangu usichana. Kulwa, mimi nimepita themanini. Mkaguzi mzima nimedanganya uzito wangu ili nisiwe pacha mnene. Ndipo nikawasikia walionifuata. Masalu, na tumbo lile, alitaja sabini. Mwingine, mifuko ya koti imejaa mawe ya sampuli, alitaja sitini. Uliandika zote.

Ndege ilikimbia kiwanja kizima. Ilinyanyuka mwishoni kabisa, na mikaratusi iliyoota mwisho wa kiwanja ikapita chini ya dirisha langu karibu mno, nikaona kiota na mayai yake. Rubani aligeuka akatutazama mmoja mmoja. Itabidi niripoti.

Pacha wako,
Doto


Kharumwa
2 Mei 2024

Doto,

Hujambo? Mimi siwezi kusema sijambo.

Ukiripoti, ndege itazuiwa na mimi sina kazi. Bwana Stanslaus alicheka nilipomweleza, akasema nikukumbushe ni nani aliyekurusha. Sikujua kwamba tiketi aliitoa kwa hilo. Nilidhani ameniheshimu mimi.

Lakini nakuuliza: ingekuwa kampuni ya mtu mwingine, ungeiona hiyo miti? Tangu utoto nikipata kitu lazima ukitie kasoro. Gauni langu la Idi ulilikata pindo kwa mkasi. Safari hii wivu wako umevaa koti la serikali. Mama nimemweleza. Anasema hawezi kuchagua kati yetu, na analia.

Kulwa


Ngokolo
13 Mei 2024

Dada yangu Kulwa,

Shikamoo. Hii naitoa mwenyewe, Mama hayupo.

Nimeripoti. Nilianza na tiketi, nikamalizia na kilo zangu. Mkuu wangu, Mzee Januari, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba kitambulisho. Wamenipeleka masjala, kubandika stempu. Kukagua ndio mwisho. Ndege yenu haitaruka mpaka abiria wapimwe.

Umeniuliza kama ni wivu. Ni wivu. Pale dirishani nilikuwa natamani sare yako na jinsi watu wanavyokusalimia. Ila miti ile ilikuwepo, Kulwa, haikuoteshwa na wivu wangu. Na Mama mlimpitisha juu yake. Kampuni yenu ilijiheshimu mpaka abiria walipochukua mabegi yao kwenda kwenye basi.

Usiponijibu nitaendelea kukuamkia.

Pacha wako,
Doto


Ngokolo
30 Juni 2024

Dada Kulwa,

Shikamoo. Mama mzima. Anakuwekea chakula chako kila Ijumaa, kinapoa, nakila mimi.

Pacha wako,
Doto


Ngokolo
18 Agosti 2024

Shikamoo, dada.

Doto


Kharumwa
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Doto,

Marahaba, na zote ulizonitumia nazipokea leo kwa pamoja. Magoti ya Mama yanasemaje?

Ndege ilikaa chini kiangazi chote. Bwana Stanslaus alitaka kuihamishia kiwanja kingine, akakuta sheria imemtangulia huko. Mwisho wa yote akalivua lile turubai. Siku ya kwanza wachimbaji walisimama mbali, mabegi mkononi, na njia ya basi wanaijua. Nilikuwa nakuchukia siku ile, na bado sijamaliza. Nikavua viatu nikapanda mimi, wao wakisoma.

Themanini na tatu.

Walicheka mpaka Masalu akakaa chini. Ile sitini na tano niliiacha sekondari, Doto. Ulinionea wivu kwa kilo ambazo sina. Masalu alipopata pumzi alipanda, akasema kama bahati ya Kulwa haijapata mnunuzi na mwili wote ule, ya kwake iko salama. Sasa wanapanda wote. Tunaondoka na abiria pungufu, na ile miti tunaipita juu.

Ila kuna jambo linaniuma. Wachimbaji walisikia ni nani aliyesababisha, wakaipa mizani jina. Wanaiita Doto. Mtu akija mezani kwangu moja kwa moja, wenzake wanamrudisha: "Pita kwa Doto kwanza, ndipo uje kwa Kulwa." Tangu tuzaliwe wa kwanza ni mimi. Miaka yote niliyokaa hapa hata kikombe hakijapewa jina langu. Nina wivu, Doto. Nakuambia mimi kabla hujaambiwa na watu.

Ijumaa nakuja, chakula changu usikiguse.

Shikamoo.

Pacha wako,
Kulwa