Kuhusu Sanduku Lako Nililolivunja

Mama Chacha wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ulizoea kusema herufi zangu ni kama nyayo za ng'ombe kwenye tope la kisimani. Tangu ulipotuacha mwaka juzi hakuna wa kunisema, kwa hiyo nyayo ni zilezile, ila zimezidi kupinda. Nakuandikia kwa sababu jana nilikwama kwenye karatasi, na wa kunikwamua ni wewe, ambaye umelala hapo nyuma ya migomba huna habari.

Unamkumbuka Akinyi? Swali la kijinga, najua. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu, hata hapa kwetu Nyarero wakulima wa mihogo walitupa majembe wakaenda machimboni kugonga mawe. Yeye alitoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari na binti zake wawili, Awino wa miaka minane na Atieno ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni, akapanga chumba chetu cha uani, akawa anawapikia wachimbaji maharage. Kibali cha kuishi nchini hakuwa nacho. Gari la uhamiaji likipita tu, anaacha sufuria motoni anakimbilia kwenye mahindi yetu, na wewe unabaki kugeuza maharage yake yasiungue.

Siku moja akakaa jikoni kwako akakuuliza, "Mama, siku nikishikwa, hawa watoto wataenda wapi?"

Nikajibu mimi kutoka nje, maana ulikuwa umenifukuza humo ndani. "Tutasema ni wajukuu wetu. Nani atabisha? Wangu wenyewe ni wengi hadi majina nayachanganya."

Nilijiona nimetoa akili kubwa. Akinyi akacheka, halafu akaacha kucheka. "Baba, huku kwenu mtoto akilelewa kwenye boma ni wa boma. Mkishawafanya wenu, mimi nikiachiwa nitawadai kwa nani?"

Ukaniangalia kwa jicho lile. "Mzee wewe, chukua kalamu. Andika ukweli."

Basi nikaandika, mimi msomi wa darasa la nne, ninyi wawili mkinisimamia kama walimu. Dada yake Akinyi anaishi wapi huko ng'ambo na anapatikanaje. Atieno kifua kinambana wakati wa baridi, asilazwe chini. Awino hali dagaa, jambo ambalo nilisema haliwezekani kwa Mjaluo, ukanigonga na mwiko. Mama yao akishikwa, wakae kwa Mama Chacha mpaka yeye mwenyewe au dada yake awafuate. Karatasi ilipobaki nafasi ya kidole kimoja, ukasema niongeze: asiwachukue mtu mwingine yeyote, hata akijiita mjomba. Nikalalamika kwamba sasa mnaniandikisha Agano Jipya. "Ongeza," ukasema. Nikaongeza. Mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, na Akinyi akaweka dole gumba ingawa kusaini alijua, eti dole halina wa kuliiga.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga, wote watatu. Ile karatasi moja tu uliichukua ukaifungia kwenye sanduku lako la bati, lile ulilotoka nalo kwa baba yako, ambalo miaka yote ya ndoa sikuruhusiwa hata kuliegemea. Ufunguo ukaufunga kwenye pindo la kanga. Kwetu karatasi ikishapata muhuri ni kitu cha kufungiwa. Hakuna aliyewaza kwamba hii ilikuwa ya kusomwa upesi.

Akinyi akashikwa siku ya gulio, watoto amewaacha uani kwetu. Wewe ulikuwa Nyansurura kwenye msiba wa shangazi yako, na kanga yako, na ufunguo wako.

Mambo ya siku ile nilikuwa nakusimulia kwa mizaha. Leo nakwambia sawasawa. Mchana alifika mtu na pikipiki, msimamizi wa kusaga mawe, nilimjua kwa sura tu. Alikuja na mwenyekiti. "Mimi ni mjomba wao," akasema, "nawachukua." Alikuwa amewaletea biskuti. Atieno anaitafuna yake. Awino ameishika tu mkononi, ananiangalia mimi.

Nikamwambia mwenyekiti, "Si uligonga muhuri wewe mwenyewe?"

"Mzee, mihuri nagonga kila siku. Yaliyoandikwa siyakumbuki. Lete karatasi."

"Iko sandukuni. Ufunguo uko Nyansurura."

Yule mtu akacheka, akamnyanyua Atieno akamkalisha juu ya tangi la pikipiki.

Mama Chacha, sanduku lako nililiogopa kuliko nilivyomwogopa baba yako. Lakini niliingia na nyundo ya kupasulia mawe, nikaligonga kufuli mara tatu. Karatasi ilikuwa chini ya vitenge, pembeni ya kopo langu la ugoro uliloapa limebebwa na panya. (Hilo tutalizungumza tukionana.) Nikaisoma kwa sauti pale uani, nikijikwaa kwenye mwandiko wangu mwenyewe, hadi kwenye mstari wako wa mwisho. Hata akijiita mjomba. Majirani waliposikia hapo wakaanza kumsogelea. Mwenyekiti akamuuliza jina la bibi yao, mzaa mama yao, maana mjomba hawezi kumsahau mama yake. Hakulijua. Alimshusha mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Nikawapikia uji. Ukaungua. Awino akasema, "Babu, huu uko na moshi," akamaliza bakuli. Uliporudi siku ya tatu ukaliona sanduku limefumuka, ukawaona wasichana wamejaa kitandani kwako, ukaniuliza neno moja tu: "Ulikoroga?" Nikakiri nilisahau kukoroga. Habari ya kufuli hukuniuliza mpaka ukaenda zako.

Dada yake alipokuja kuwachukua, Akinyi mwenyewe akiwa ameshaachiwa na kufika kwao salama, Awino aliing'ang'ania kanga yako hadi ukaivua ukampa. Ulizunguka siku nzima na kanga moja, ukanikataza kukutania. Nikakutania hivyohivyo. Sasa naona ningenyamaza.

Ya jana ni haya. Kuna mama kutoka Burundi amepanga chumba kilekile, anachoma chapati machimboni, ana watoto watatu. Ameambiwa kuna mzee anaandika karatasi. Kweli tuliandika nyingi baada ya Akinyi, nakala tatu kila moja, na zote za hapa kwetu nilijaza jina lako. Hii ndiyo ya kwanza tangu uondoke. Nikaandika vizuri mpaka mahali pa mtu atakayewapokea. Kalamu ikasimama.

"Andika bibi," akaniambia. Nikamwonyesha migomba.

Akainamisha kichwa, akaanza kumfunga mtoto mgongoni aondoke. Nikaandika jina langu. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Babu, uji unajua kupika?"

"Najua kukoroga."

Nakala yetu nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kila mtu aione. Sanduku lako sijalitia kufuli jipya.

Pumzika sasa, mke wangu. Ila wale watoto wakija kweli, nitasimama hapo kwenye migomba niulize kwa sauti kama unaanza unga au maji, na wewe usijifanye umelala.

Mumeo, mvunja sanduku,
Baba Chacha