Taa ya Zambarau ya Chumba cha Mbegu

Jumatatu, 1 Septemba

Chupa arobaini leo. Mtama tumeuchemsha, tumeupika kwa mvuke kwenye pipa, ukapoa. Zuhura akapachika kipande cha uyoga kila chupa, akaziba kwa pamba. Mke wangu ana mkono mwepesi, hilo sibishi. Lakini anayelinda chumba cha mbegu ni taa yangu. Niliiwasha nusu saa kabla hajaingia. Zambarau tupu, utadhani kumbi za starehe za Lubumbashi. Kijidudu gani kitabaki humo?

Bigwa nzima inajua: mbegu za uyoga zisizoshika ukungu ni za Shomari, mimi hapa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimesomea kwenye usukani wa lori: Ndola, Lilongwe, Durban. Taa inayoua vijidudu niliiona Durban, hospitali, nilipolazwa na malaria. Hapa nikamtuma mtani wangu Kulwa, Mnyamwezi, fundi umeme. Akanitafutia. Mwanzoni ilikuwa na mwanga wa kibluu, hafifu, kama mgonjwa. Mwezi wa sita akaja akaichukua kuifanyia sevisi. Ikarudi inawaka hivi. Nilimwambia, Mnyamwezi, leo umefanya kazi ya watu.

Zuhura bado anapiga deki kile chumba kila alfajiri, anafuta rafu kwa spiriti. Mazoea. Nimemwambia anajichosha bure. Anasema haya, kisha anachota maji.

Jumatano, 3 Septemba

Kinole. Nimepanda mlima na taa kwenye pikipiki, nimeikumbatia kama bibi harusi.

Kina mama kumi na mmoja, kikundi cha Bi Mwanahawa. Wamejenga banda la mianzi kwa mikono yao. Mabua ya mpunga ya kuoteshea uyoga wamepandisha kichwani kutoka bondeni. Wanaume zao wanawacheka, eti wanawake wanajenga nyumba ya kulala giza. Sasa wanataka kuotesha mbegu zao wenyewe. Wakiwahi, watapanda kabla ya vuli. Wasipowahi, mvua itaozesha mabua na wanaume watapata la kusema mwaka mzima.

Nimewapa somo. Mpaka mimi mwenyewe nimejipenda. Nikawaambia waachane na klorini, inachubua mikono. Taa inatosha. Mwanga wake unapenya kioo cha chupa, unazunguka nyuma ya rafu, unaingia uvunguni. Bi Mwanahawa, mtu mzima, kashupaa.

"Mwanangu, mbona jua haliingii uvunguni?"

"Bibi, jua halijatoka kiwandani."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikawaachia taa. Bure, mpaka wamalize. Mimi si mtu wa kubana kitu.

Jambo moja limenikera. Asubuhi Zuhura alinizuia mlangoni. "Baba Semeni, iache taa. Waambie wasafishe tu." Nikamuuliza kama anawaonea wivu wale kina mama. Akarudi jikoni. Wivu huo.

Jumatatu, 8 Septemba

Chupa zangu zinaanza kuwa nyeupe kama pamba. Zote arobaini. Na taa haipo, iko mlimani.

Nimetafakari. Nguvu ya taa imeganda ukutani. Miezi mitatu inawaka, lazima ukuta umeshiba. Nimemweleza jirani, akatingisha kichwa kwa heshima.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Mwanahawa kapiga simu. Chupa sitini, zina rangi ya kijani. Si moja, si mbili. Nimemwambia haiwezekani. Akasema, "Basi njoo uniambie mimi ni kipofu."

Jumamosi, 13 Septemba

Ni kweli. Ukungu wa kijani, kama chapati iliyosahauliwa. Taa inawaka vizuri, nimeikagua mwenyewe. Chini ya rafu vumbi, utando wa buibui, unga wa mtama. Nikawauliza kwa nini hamkufagia. Wakatazamana.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilimwambia Bi Mwanahawa, mbele ya wenzake, kwamba wachafu hawasaidiwi. Mwanamke wa umri wa mama yangu. Alifunga mlango wa chumba taratibu, akasema nishuke kabla ukungu haujateremka barabarani.

Nimerudi na taa yangu. Njia nzima nimetukana kimoyomoyo. Kinole imenivunjia jina.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwa hasira.

Zuhura alisubiri nimalize kula. Akakaa mbele yangu, akasema wale kina mama si wachafu. Akasema taa hiyo haiui hata nzi. Ni tyubu ya baa.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ile ya kwanza, ya kibluu, ndiyo ilikuwa yenyewe. Mimi nilimwambia afanye kazi akiwa chini yake, ikiwaka, ili vijidudu visipate upenyo. Akafanya. Usiku ule macho yalimuuma kama amemwagiwa mchanga. Siku mbili hakuweza kuyafungua. Uso ukababuka. Alidhani anapofuka. Mimi nilisema ni moshi wa kuni, nikaenda kutazama mpira.

Nakumbuka ule mpira. Nakumbuka na mabao. Uso wake sikumbuki.

Akamwendea Kulwa, ameshikwa mkono na jirani kwa sababu mwanga wa nje ulimchoma. Kulwa akaitoa taa, akaweka ya zambarau. Wakakubaliana wasiniambie. Eti nilishatangaza Bigwa nzima. Eti ningeaibika. Tangu siku hiyo anaosha chumba kila alfajiri, chini, juu, nyuma ya rafu, ili mbegu zitoke safi nami niendelee kujisifu.

Miezi mitatu. Mke wangu na rafiki yangu. Nilikuwa nacheza ngoma, wao ndio wapigaji, na wote wanajua niko uchi.

Nimesalitiwa. Sina neno lingine. Nimelala sebuleni.

Jumatatu, 15 Septemba

Kibandani kwa Kulwa, Mji Mpya. Kabla sijafungua mdomo alishaniona usoni.

"Mluguru! Si utani tu huo?"

Utani naujua. Mtani akichukua kuku wangu, namsindikiza na jogoo. Akija msibani akalala mahali pa maiti, tunacheka na machozi. Mtani hakasirikiwi, ndivyo tulivyolelewa. Nikamwambia utani wa kuku naujua, wa kunifanya mjinga miezi mitatu siujui. Tena kina mama kumi na mmoja wameumia humo. Wao ni watani wako?

Akaacha kucheka. Habari ya Kinole hakuwa anaijua.

Kisha akanieleza, pole pole, kama anamweleza mteja. Rangi ya zambarau si dalili ya chochote. Mwanga wenyewe unaoua ni kama hauonekani kwa macho. Kioo cha kawaida hauvuki, kwa hiyo ndani ya chupa haufiki. Haupindi kona. Panapoangukia kivuli, kijidudu kinakaa kama kawaida. Penye vumbi, kinajificha chini ya vumbi. Ukizima, umezima, hakuna kinachobaki ukutani. Na mtu haruhusiwi kuwa chini yake. Kwa maana hiyo hata ile ya kweli isingefanya niliyoahidi Kinole. Kwanza unasafisha, ndipo taa inasaidia kidogo.

"Mbona hukuniambia haya?"

"Nilikuambia siku naifunga. Mtu asikae chini yake, nilisema mara mbili. Wewe ulikuwa unahadithia Durban."

Nimeondoka bila kuaga. Kibaya zaidi ni kwamba namwamini.

Jumanne, 16 Septemba

Sijaongea na mtu. Zuhura kapiga deki kama kawaida. Nimesikia ndoo.

Huko Durban kwenyewe, nikikumbuka vizuri, kila alfajiri kulikuwa na mama mmoja na ndoo yake. Sikuwahi kumhadithia mtu habari za yule mama.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepanda Kinole na kreti mbili za soda. Ndani, chupa zangu arobaini. Wiki moja na ushee zitakuwa zimejaa weupe, wataziwahisha kwenye mabua kabla ya mvua. Banda langu ndilo litakaa tupu msimu huu. Zuhura ndiye aliyezipanga, akaweka magazeti katikati zisigongane.

Shikamoo yangu Bi Mwanahawa aliipokea kwa mbali. Hakunikaribisha ndani. Nikasimama uani kama mshtakiwa, mbele ya kina mama wote kumi na mmoja, na wanaume wawili watatu waliokuja kufaidi.

Nilikuwa nimejiandaa kumsema Kulwa. Njia nzima nilipanga maneno: fundi tapeli, Mnyamwezi, nimeuziwa, nimeibiwa. Ingetosha. Wangenihurumia.

Nikafungua mdomo, likatoka jingine. Nimewaambia mke wangu alikaribia kupofuka kwa sababu yangu, nami nikasema ni moshi. Nimewaambia taa haikufanya kitu, kilichofanya ni deki na spiriti na mikono yake. Kuhusu uvungu, bibi aliuliza swali la maana, mimi nikamjibu kwa mzaha. Wachafu hawakuwa wao.

Mwanamume mmoja akacheka. Bi Mwanahawa akamgeukia. "Wewe unacheka nini? Lini umepiga deki wewe?"

Kisha akainua chupa moja juani, akaizungusha, akatazama chini yake, pembeni, shingoni. Muda mrefu. Akasema, "Hii ni kazi ya mtu anayeinama." Akaamuru maji yachotwe. Nimeosha rafu pamoja nao mpaka mgongo ukakataa. Zile sitini za kijani tumezifukia mbali na banda.

Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia nisisahau kreti zangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimetoka msikitini, nimekaa uani na Zuhura. Anachambua mchele. Mlima umefunikwa na mawingu tangu asubuhi.

Akaniuliza kama nimewaambia habari ya macho yake. Nikamwambia ndiyo. Akauliza niliisema wapi, mwanzo au mwisho. Mwanzo, nikasema. Akaendelea kuchambua.

Baadaye nikamwambia ukweli, kwamba bado nina hasira naye. Miezi mitatu ni mingi.

"Na mimi bado," akasema.

Tukakaa.