Kamba za Chupa Mbele ya Wawekezaji

Jumamosi, 10 Mei
Magunia matatu ya chupa kabla ya adhuhuri. Mashine imevuma kama nyuki. Wembe unaila chupa ya maji kuanzia kitako, chupa inazunguka, kamba inatoka nyembamba, ndefu, haina kiungo mpaka shingoni. Wakulima wa mwani wanafungia mbegu zao. Mashine nimeiunda mie, Hamadi, niliyetoka skuli Fomu ya Pili. Walimu wangu wapite waone.

Mota si yangu. Ya Mjomba Khamis, kaichomoa kwenye mashine yake ya kukunia nazi. Ijumaa anaitaka. Jumatano wanakuja wawekezaji kutoka Dar. Wakikubali, napata mota yangu na karakana. Wakikataa, mie ni kijana mwenye wembe tu. Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Wanawake wa mwani wamenitupia tena mlangoni gunia la vipande vya kamba zilizokatika. Kunicheka huko. Nimelisukuma nyuma ya ukuta pamoja na wenzake.

Jumapili, 11 Mei
Mazoezi ya kuhutubia mbele ya dada yangu Raya. Nimesema vizuri mno. Yeye akaniambia, "Hamadi, umejitaja wewe robo saa nzima. Kamba hujaitaja." Wivu.

Jumanne, 13 Mei
Balaa. Nimekwenda kwa Bi Mize, mkubwa wa wanawake wa mwani, kumkumbusha kwamba kesho saa nne wageni wa Dar wanafika, nawataka kwenye darasa nililoazima skuli, wanishuhudie mbele ya wageni. Kacheka mpaka kaweka ungo chini.

"Mtoto wa Wambaa weye? Kesho bamvua. Saa nne maji yamekupwa mpaka kule, na sie tuko shambani kwenye mwani. Siku umeitazama kwenye simu, mwezi hukuutazama."

Kweli. Nimezaliwa Wambaa, pwani kabisa, na bamvua limenipita kama mtu wa bara. Nimeona haya. Sina shahidi hata mmoja. Wali nimeula nusu sahani.

Jumatano, 14 Mei
Nimeshinda. Naandika hilo kwanza.

Walikuja wawili. Bi Nasra, mkubwa wao, mama wa miwani. Na kijana wake wa kompyuta. Nikawaambia darasani joto, ofisi yangu ya kweli iko majini. Uongo mtamu. Bi Nasra akavua viatu. Kijana akajitwika kompyuta kichwani. Tukatembea mpaka kwenye vigingi vya mwani, maji ya vifundoni, wanawake wote wameinama kazini.

Nikahutubia. Wallahi nilihutubia. Hata kaa walisimama.

Bi Nasra akauliza swali moja tu: kamba ikikatika, si taka imerudi baharini?

 Nilitaka kusema haikatiki. Bi Mize akanitangulia.

"Hukatika mara mojamoja, mwanangu. Vipande vyatuchoma miguu, twaviokota. Twampelekea huyu magunia kwa magunia, tukidhani ana akili ya kuvifanyia kazi."

Nilitamani maji yajae.

Bi Mize akachomoa vipande kwenye pindo la kanga, akavisokota viganjani kama asokotavyo usumba wa nazi. Kimoja kikiisha, anachomeka kingine. Ikatoka kamba nene, ya kufungia hata ng'ombe. Ncha moja kwa Bi Nasra, nyingine kwa kijana. Vuteni. Wakavuta. Kamba ikashika, kijana akateleza akaketi majini. Kompyuta nilikuwa nimeishika mie, alhamdulillahi.

Bi Nasra akamwuliza Bi Mize kama mie ni mtu wa kuaminiwa.

"Yeye muongo," akasema Bi Mize. "Kamba zake hazijatudanganya."

Wakacheka wote. Nilichukia. Kisha nikamwona Bi Nasra naye anacheka, ananipa mkono. Mota, karakana, vyote. Sharti moja: kamba nene nazo ziwemo, na Bi Mize awe mshirika.

Alhamisi, 15 Mei
Kijiji kizima kinajua. Nimekiambia mwenyewe. Nimepita kumsalimia mwalimu wangu wa hesabu. Mara mbili. Mjomba kasema nikae na mota yake mpaka ije yangu. Bi Mize ananiita Mkurugenzi, kisha ananituma maji. Nimechota.

Magunia ya nyuma ya ukuta nimeyatoa yote. Nilikuwa mjinga.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua tangu alfajiri. Mkataba umefika, kurasa saba, Kiswahili cha ofisini. Raya alitaka kunisomea. Nimekataa. Baadaye nikamwita akae karibu. Nafuata kwa kidole. Neno nisilolijua napiga mstari chini yake, namwuliza.

Bi Mize yuko barazani. Herufi hizi hazijui, yeye kasoma chuo cha Kurani tu. Anangoja nimweleze kila kifungu, na leo sitaki kumwambia neno lisilo kweli. Tuko ukurasa wa tatu.