Tantini, mesaji za Alhamisi bado zinaenda

Tantini Espe,

Usishituke. Ni mi, Shabani, yule uliita Minista wa Telefone. Najua wafu hawasomi barua, na kama ungekuwa hapa ungesema mutu aliyekimbia shule darasa la tano awaachie barua waliosoma. Lakini we, shangazi wa kila mutu, ndiye ulinizoeza kuandika. Sasa vumilia.

Watu bado wananiuliza: "Tantini alipigwa na risasi gani?" Nasema apana, ilikuwa presha, alikaa kwenye kiti chake nyumbani, sufuria ya maharagwe kwa magoti, akaegemea ukuta, basi. Wananitazama kama nawaficha kitu. Hata mi mwenyewe sielewi. Miaka yote hii mabomu yanaanguka, we unapita katikati na boksi yako ya vaksini kichwani, halafu unakuja kufa na maharagwe. Habari kama hiyo niifanye nini? Sina hata mutu wa kukasirikia.

Telefone yako iko kwangu. Usiseme niliiba. Asubuhi ile ulinituma niipeleke ichajiwe kwa kinyozi mwenye jenereta, nikarudi nayo imejaa moto, nikakuta watu mulangoni kwako. Hakuna aliyeiuliza. Tukakuzika Jumanne. Kesho yake ikawa Jumatano, na Jumatano unajua ni siku ya nini.

Kila Jumatano we unachambua maharagwe, mi naandika mesaji. "Andika: kesho sindano ya watoto, kituo kiko wazi, njia ni nzuri. Usiongeze chumvi." Juu vidole vyako vilikuwa vinagonga namba tatu mara moja, na mi, nani hajui, ni dole gumba la kwanza Buyenzi yote. Sawa, siku moja niliongeza "na muvae vizuri". Wamama wakaja na vitenge vya harusi, watoto wamepakwa mafuta mupaka wanateleza mukononi, wanauliza mugeni mukubwa anafika saa ngapi. Ulinifukuza na kandambili mupaka sokoni. Halafu nikakuona nyuma ya pazia unacheka, unapangusa macho. Usikatae.

Na kule bandarini, kapita, musimamizi wa wabebaji, alikuwa anapanda juu ya magunia na telefone yake, anasoma mesaji zetu: "Papa Yusufu, kesho surua. Papa Eriki, karte ya sindano ya mutoto usiisahau kama mwezi uliopita, kichwa kama pipa." Wanaume wenye mabega kama ng'ombe, wanaitika kama watoto wa shule. Wake zao hawakuwa na telefone, basi habari ya sindano ilifika nyumbani na jasho la simenti. Hiyo akili ilikuwa yako. Mi nilikuwa najisifia mitaani kwamba ni yangu. Leo nakurudishia.

Bon. Jumatano ile niliandika vile vile. Chini nikaweka jina lako, kama siku zote. Nikatuma. Sikufikiri, Tantini, au nilifikiri sana, sijui. Alhamisi wakaja. Wale wa karibu walikuwa wamefika makaburini, walijua ni mi, hawakunisema. Lakini wa mbali, wale wa Kinama, waliuliza uko wapi. Muganga mupya wa kituo akawaambia uko safarini. Akanivuta pembeni: "Endelea kijana. Wanakuja kwa jina lake." Nikaendelea. Alhamisi ya pili, ya tatu, ya ine. Watoto walidungwa, walilia, walirudi nyumbani wazima. Nilikuwa nadanganya, au nilikuwa nafanya kazi yako? Kuna siku najibu hivi, kuna siku najibu vile. Ungekuwepo ungenijibu na kandambili, ningeelewa.

Halafu Mama Divine wa Kinama. Unamukumbuka. Mutoto wake wa kwanza alikufa na surua kambini, na huyu wa pili anafika miezi tisa mwezi huu. Hakubali kuvuka kartie za wengine, mitaa ya upande mwingine wa vita, mupaka we umuambie njia ni nzuri. Ulimuahidi siku ya surua utamushika mutoto mwenyewe, kwa magoti yako. Wiki mbili zilizopita alituma mesaji: "Tantini, bado uko?"

Nikajibu: "Niko."

Herufi ine. Nimeandika mesaji nyingi kuliko karani wa bandari, lakini hiyo moja bado inanikaa kwa kidole.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuganduka, ya kumaliza matanga yako. Kaka yako aliharakisha, alisema vita haina subira. Tulikaa kwenye uwanja wake kule Mutanga Nord, muchana, tumalize kabla ya saa ya askari kufunga njia. Akasimama kama desturi inavyotaka: mwenye jambo na marehemu, mwenye kumudai, aseme sasa, kisha tumefunga. Muzee mumoja akasema viti vyake viwili vilibaki kwako. Kaka yako akaitika. Watu wakaanza kutazama chakula.

Akasimama mama mumoja na mutoto mugongoni, miguu imejaa vumbi. Nikajua ni nani. Mama Divine. Alikuwa amevuka kwa miguu, peke yake, kuja kukutafuta, na kituoni wakamuelekeza kwenye matanga.

"Mi namudai sindano moja," alisema.

Wawili watatu wakacheka, wakaacha.

"Aliniahidi kumushika huyu mutoto. Na wiki mbili zilizopita aliniandikia kwamba yuko."

Kaka yako akageuka pole pole, anatafuta nani ameandika kwa jina la dada yake aliyelala udongoni. Ningeweza kunyamaza, Tantini. Nilikuwa karibu na mulango. Nikasema: "Ni mi."

Mama Divine hakupiga kelele, afadhali angepiga. "We mutoto, nilipita Ngagara, kartie ya upande mwingine, na huyu mugongoni juu ya neno lako." Mi, mwenye mudomo wa kuuza maji ziwani, nikatazama tu miguu yake yenye vumbi.

Kaka yako akasema deni la marehemu halizikwi, lazima libaki na mutu. "Hili nani analibeba?" Wote wananitazama, na ndugu zako, na yule muzee wa viti. Nikasema nalibeba mi. Mama Divine akakaza kitambaa cha mutoto, akatoka.

Leo ni Jumatano. Asubuhi nimepita njia yote mupaka Kinama na kurudi, kwa macho yangu, juu sitaki tena kusema njia ni nzuri kwa kusikia. Nimeandika hivi, kwa wote: "Kesho sindano. Kituo kiko wazi. Njia nimepita leo, ni nzuri. Tantini Espe amekufa. Watoto nitawashika mi. Shabani." Kidole kilikataa kugonga jina langu, mara mbili nikaandika lako.

Sheria yako ya bip, kupiga na kukata, bado ni ile: kulia mara moja, nimesikia, nakuja. Kulia mara mbili, huku kubaya, siji. Wengi wamebip moja. Wawili wamebip mbili. Watatu kimya kabisa, na sijui kama ni hasira au ni betri. Pengine nimekuharibia kazi ya miaka kwa mesaji moja ya kweli. Sielewi kwa nini ile ya uongo ilijaza kituo.

Na we unajua mi na sindano. Ulisema Minista ni simba mupaka chupa ya vaksini ifunguliwe, hapo anakumbuka ana kazi nje.

Ngoja.

Imelia. Namba ya Mama Divine. Mara moja. Nimeiweka mezani, nangoja ya pili.

Chai yangu imepoa, Tantini. Ya pili haijakuja.

Basi pumzika. Viti vya yule muzee nimevirudisha. Kesho nitakaa pale ulipokuwa unakaa, mutoto wa Mama Divine kwa magoti yangu, na sitatoka nje.

Shabani