Viputo vya Jiwe la Moto

Hamadela,
Jumatano, 9 Januari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Ebla,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Jibuti? Kile kifua kimepoa, au bado unafundisha sayansi huku ukikohoa? Sisi hatujambo. Mama ametoka kwenye homa na yule ngamia mweupe amezaa. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Wiki iliyopita nilimwongoza Daktari Meseret, mtafiti wa Addis Ababa, mpaka kwenye chemchemi za Dallol. Alitia maji matamu na mafuta kidogo juu ya jiwe la moto, yakakauka, akalowesha tena, kutwa nzima. Kisha akaniinamisha kwenye hadubini yake. Ebla, niliona viputo vyenye ngozi. Kimoja kilivimba, kikabanwa kiunoni, kikawa viwili. Hakuna aliyekigusa. Nywele zilinisimama mchana kweupe.

"Huenda ndivyo uhai ulivyoanza," akaniambia, "kabla ya jani, kabla ya mdudu. Mafuta yalijikunja, yakafungia vitu ndani."

"Kwa hiyo hivi viko hai?"

"Bado, Humed. Hizi ni nyumba tu. Mwenyewe hajaingia."

Alipokwenda kula, nilidondosha tone la maji kwenye doa lililokauka tangu asubuhi, nikachungulia. Viliinuka vikaanza kusukumana. Niliona haya kama niliyechungulia nyumba ya watu, nikafunika hadubini.

Njiani nikakutana na Gaas, kaka wa mke wangu, anarudi na ngamia wa chumvi. Akaketi akadai dagu, habari zote za njiani, nami nikampa kama desturi yetu. Hapo ndipo nilipokosea. Sikutenga niliyoyaona na niliyoyasikia. Nilisema Dallol kuna vitu visivyozaliwa, navyo vinazaa. Ile "huenda" ya daktari sikuitaja.

"Acha utani, shemeji," akasema.

"Nimeona kwa macho yangu haya."

Sasa wakata chumvi wameacha kazi kwa hofu, na wazee wananiita kesho. Mwenye dagu ya uongo unajua hukumu yake: hakuna atakayesimama tena kumpa habari. Nina watoto wanne na mifugo, Ebla. Nitajuaje mvua imenyesha wapi, au kisima kipi kimekauka? Naogopa, sikufichi.

Jana mgeni kutoka Berhale alishuka kwenye ngamia akanipa dagu. Ilikuwa ile yangu. Vile vitu sasa vina macho, na vinawaita watu kwa majina yao. Desturi ilinifunga nimsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, nami nilitetemeka kama naisikia mara ya kwanza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho nitakiri mbele ya wazee neno nililoliacha, Gaas akiwa amekaa hapohapo.

Msalimie sana shemeji Yayyo, na umbusu Dato wetu. Mama anakuombea kila swala. Mungu akufunike kwa rehema zake, wewe na nyumba yako.

Na wazee wakininyima habari, mdogo wangu, niandikie wewe mvua imenyesha wapi.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Humed Kadafo