Ufunguo wa Bomba la Msikiti

Kitengela, Jumamosi. Asubuhi ya baridi na manyunyu.

Dada Wambui, hujambo? Bado nimeduwaa. Jana mwenyeji wangu Halima alinipeleka kwenye kikao cha msikiti wao. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti alikuwa amewafungia majirani Wamasai bomba la maji, na mbuzi wao walikuwa na kiu. Halima akasimama: "Mzee, ulishauriana na nani?"

Mwenyekiti akacheka. "Hata bomba linataka kikao?"

Imamu hakucheka. "Kiongozi wa Waislamu hushauriana na watu. Sheria iko juu yako pia."

Nilidhani Halima atafukuzwa. Kumbe mwenyekiti aliweka ufunguo mkekani, akaketi na wengine! Walikubaliana bomba lifunguliwe, na jioni mbuzi walikunywa.

Mkumbatie mama. Nililala saa saba usiku, nikijiuliza nani kwetu angethubutu kumuuliza hivyo mwenyekiti wetu wa kamati ya maji.